Mawe Katika Maharage ya Mama Mdogo

Musaga, Bujumbura
Jumapili, baada ya misa

Yaya Riziki, dada yangu mkubwa,

Kabla sijakuuliza hali, acha nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Mwezi uliopita nilimfanya Mama mdogo augue tena. Sikumpiga, sikumtukana, sikumwibia. Nilichagua maharage yake. Nilitoa mawe yote, moja moja, mpaka gunia zima likawa safi, na nyumba nzima ikanishukuru. Nilifanya hivyo kwa wivu. Najua hapa utacheka, kwa hiyo soma mpaka mwisho, na usisome kwa sauti.

Sasa nikusalimu kama inavyotakiwa. Hujambo wewe na mtoto? Meno yake ya juu yametoka? Baba bado anakohoa asubuhi, au alikubali kuacha kulala kwenye upepo? Na Mama je? Usiniandikie kwamba Mama yuko salama, kama mnavyosema kwenye simu. Niandikie kama bado anarudi njiani kutazama kama makaa ya mbabula yamezimwa. Niandikie anarudi mara ngapi. Mimi ni mzima, nimenenepa mashavu, na cherehani sasa inanitii kwenye mistari iliyonyooka. Kwenye mikono ya blauzi bado tunagombana. Barua hii anakuletea Mama Vumilia, yule muuza vitenge anayekuja huko Kalemie. Sikutaka kukutumia sauti, maana simu yenu husikilizwa na nyumba nzima pamoja na jirani.

Yaya, unakumbuka nilipokuwa nachelewa shuleni, hata dakika kumi tu, namkuta Mama amesimama njiani, kanga imeshikwa kwa mikono miwili? Hakuwa akisema karibu. Alikuwa akisema, "Leo nimekuzika mara tatu." Watu walimwona mkali. Akina mama wa kanisa walimwambia aombe zaidi. Wewe ulikuwa ukimchekesha, na kwako alicheka kweli. Mimi sikujua kuchekesha. Mimi ndiye niliyekuwa narudi naye nyumbani kutazama mbabula, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na samaki wake wanangoja sokoni. Nilidhani ugonjwa ule ni wa Mama peke yake duniani, na kwamba hakuna la kufanya ila kumsindikiza.

Halafu nikaja huku, nikaukuta kwa mdogo wake.

Mama mdogo Josiane anao uleule. Aliniambia mwenyewe wiki ya kwanza, huku anakatakata mboga za lengalenga, kama mtu anayekuambia ana kisukari: "Furaha, mi nina wasiwasi wa siku nyingi. Haiponi kama malaria. Inakaa. Kwa hiyo ukiniona nafanya vitu vyangu, usishangae, niache nifanye." Unajua maisha yake. Baba Divine anaendesha lori, yuko nyumbani siku chache kwa mwezi. Mama mdogo anafanya kazi Buyenzi, kwenye duka la vipuri vya magari, kutoka asubuhi mpaka jioni. Kuna Divine mwenye miaka kumi na sita, na mapacha, Bukuru na Butoyi, wana miaka mitano na hawajawahi kukubaliana kuhusu kiatu cha nani ni cha nani. Mtu kama huyo, nilisema, atakuwa amekwisha kabisa.

Lakini hakuwa amekwisha. Asubuhi, kabla mapacha hawajaamka, anakaa kwenye ngazi ya nyuma, nyayo tupu juu ya saruji baridi, na hagusi simu mpaka maji ya chai yachemke. Nilidhani anasali. Divine akasema, "Apana, anapumua tu." Kahawa anakunywa kikombe kimoja, asubuhi. Ukimpa jioni anakisogeza kando kama umempa sumu ya panya. Akifunga kufuli la geti anasema kwa sauti, "Nimefunga, leo Jumanne," ndipo anaondoka, na moyo ukimsumbua njiani anakumbuka alisema Jumanne, basi harudi. Akishuka mjini hapandi gari lingine, anatembea mpaka Buyenzi, kwa sababu anasema miguu ikichoka kichwa kinanyamaza. Mara moja kwa mwezi anakwenda kumwona muuguzi anayetibu watu wenye shida kama yake. Huyo ndiye aliyemwambia atafute kazi moja ya mikono, kila siku saa ileile, na wasiwasi wote wa siku usubiri saa hiyo.

Kazi aliyoitafuta mwenyewe ni maharage.

Anarudi saa kumi na moja na nusu. Anavua viatu, ananawa, anasema, "Nileteeni ungo." Divine analeta ungo na viti viwili vifupi. Mama mdogo anamwaga maharage ya kupikwa kesho, anayatandaza, na wanaanza kutoa mawe. Maharage ya huku yana mawe, Yaya, hasa yale ya gunia. Kila jiwe analolitoa analiweka kwenye kifuniko cha kopo la maziwa na kulipa jina. Hili la tajiri wa duka aliyenikemea. Hili la mvua, ule ufa wa ukuta. Yakiisha maharage, anainuka, anakwenda kumwaga mawe nje ya geti, na siku imekwisha. Baada ya hapo ukimletea habari ya kutisha anakwambia, "Iweke, kesho jioni nitaitazama."

Na anayekaa naye ni Divine.

Nataka uelewe jinsi anavyokaa. Mkono mmoja kwenye maharage, mwingine kwenye simu. Anapiga miayo. "Maman, tumemaliza?" Siku moja nilisimama mlangoni pa jikoni na kitunguu mkononi, nikawasikiliza. Divine aliinua jiwe. "Na hili la nani?"

"La mwalimu wa Bukuru," alisema Mama mdogo. "Anasema mutoto hasikii vizuri."

"Bukuru? Maman, Bukuru anasikia biskuti ikifunguliwa kule Gihosha!"

Mama mdogo alicheka mpaka ungo ukatikisika. Kisha wakaendelea kwa Kirundi, na Kirundi chao kikikimbia mimi nabaki nyuma. Hakuna aliyenifukuza pale mlangoni. Hakuna aliyeniita pia. Nilirudi kwenye sufuria nikakata kile kitunguu vipande vidogo kuliko vilivyohitajika.

Nilimwonea wivu Divine mpaka nikawa nauhisi kooni, kama mwiba wa samaki ndakala. Huyu ana mama anayemwambia, "Hili linanitisha," halafu anainuka na kupika. Mimi niliyebeba hofu ya Mama tangu nikiwa na miaka saba sijawahi kuambiwa inaitwaje. Na huyu anapiga miayo! Nilimwonea wivu na Mama mdogo pia. Walizaliwa tumbo moja, walilala kitanda kimoja. Kwa nini mmoja apate muuguzi, ngazi ya saruji na ungo, na mwingine aambiwe aombe zaidi? Yaya, nilikuwa nafua nguo za nyumba hii huku nauma meno.

Ndipo siku moja wote wakaondoka, nikabaki na gunia. Nilitandaza shuka uani nikamwaga maharage yote. Nilianza asubuhi, nikasimama tu kuwaendea mapacha shuleni, nikaendelea. Mawe yalijaa nusu ya kikombe. Nilijiambia nasaidia. Lakini nilijua. Nilitaka jioni Divine asiwe na sababu ya kukaa pale.

Jioni Mama mdogo alimwaga maharage kwenye ungo, akapitisha vidole. Akapitisha tena.

"Nimeyachagua yote, Mama mdogo," nikasema. "Gunia zima."

Divine aliruka. "Furaha, we ni malaika! Kwaheri mawe!" Hakumaliza hata kukirudisha kiti, alishafika kwa rafiki yake Sandrine, nyumba ya tatu.

Mama mdogo alinitazama kwa upole. "Asante, mutoto wangu. Umenipunguzia kazi." Alibaki amekaa kidogo, mikono juu ya maharage, kama mtu aliyefika ofisini akakuta imefungwa. Kisha akainuka. Nami nilikuwa nimeshika kile kiti cha Divine, nangoja aniambie, "Kaa." Hakusema. Hakukuwa na sababu ya mtu yeyote kukaa.

Mabadiliko hayakuja siku ileile. Kwanza aliomba kahawa jioni. Kisha akaanza kumpigia Baba Divine njiani, kumuuliza breki, dakika ishirini baadaye kumuuliza tena breki. Kisha asubuhi moja akasema, "Nimefunga, leo Ijumaa," akafika kona, akarudi, akatikisa kufuli. Nilikuwa dirishani. Nilimwona akiondoka, nikamwona akirudi mara ya pili. Nikajua ninachokiona, maana mimi ni fundi wa jambo hilo. Nikanyamaza. Sijui kwa nini. Labda sehemu moja ya moyo wangu ilisema, sasa tuko sawa, sasa na wao waonje.

Andika hilo moyoni mwako tu, Yaya.

Wiki ya pili mvua kubwa ilitukuta njiani, mimi na mapacha. Tulijikinga kwenye kibanda cha kuuza vocha za simu. Simu yangu haikuwa na moto, betri imekwisha. Tulichelewa labda nusu saa, na Mama mdogo siku hiyo alikuwa amerudi mapema. Tulipofika alikuwa amesimama getini kwenye mvua, ameshika vyuma kwa mikono miwili, anahema kama mtu aliyepanda mlima. Aliwashika mapacha nyuso, akawapapasa masikio, mabega, vidole. Butoyi akaanza kulia. Kisha Mama mdogo akaniinulia macho na kusema, kwa sauti ya Mama, kwa maneno ya Mama ambayo sikuwahi kumsikia yeye akiyatumia: "Nimewazika mara tatu, Furaha. Mara tatu."

Ilikuwa sura ya Mama. Na safari hii mimi ndiye niliyeileta.

Divine alitoka ndani mbio, miguu mitupu. Yule Divine wa miayo. Aliubandua mkono wa mama yake kwenye chuma, kidole kimoja kimoja, akauweka kifuani pake mwenyewe. "Maman, nitazame mimi. Usitazame barabara. Vuta pole pole. Tena. Wako wote hapa. Bukuru hapa, Butoyi hapa, Furaha hapa, mimi hapa." Alitutaja tena na tena, kwa utaratibu uleule, mpaka mabega ya mama yake yakashuka. Hakuwa na haraka hata kidogo. Mtu hajifunzi hivyo kwa siku moja. Nikaelewa kwamba Divine amelisindikiza jambo hili tangu mdogo, kama mimi, na kwamba miayo yake ilikuwa ya mtu aliyepumzika, kwa sababu mambo yalikuwa yametulia.

Tulipokuwa tunakausha nguo za mapacha aliniambia, "Zamani ilikuwa kila siku. Maharage ndiyo yalituokoa. Na mimi mpumbavu nikafurahi yalipoisha mawe, nikakimbilia kwa Sandrine. Ni kosa langu." Alilia, akajifuta na soksi ya Bukuru.

Pale ndipo iliponipasa kusema. Nilifungua mdomo, nikasema tu, "Si kosa lako." Ikawa basi. Unanijua.

Kesho yake niliokota mawe. Usicheke. Nilipita kwenye mtaro wa barabara, nikapita ukutani kwetu, nikachagua madogo, yasiyopita punje ya harage, nikayachemsha, nikayasugua, nikayaanika, nikayachanganya kwenye gunia kwa mikono yote miwili. Mtu aliyefika angesema nimerukwa na akili: namtilia mchanga chakula mtu anayenilisha.

Jioni nilipeleka ungo mwenyewe. Mama mdogo alikuwa amekaa tu, hajavua viatu. Alitazama maharage, akapitisha vidole, vikasimama kwenye kitu kigumu.

"Furaha. Haya si uliyachagua?"

"Labda sikuona vizuri, Mama mdogo."

Alivua viatu. Divine alishaleta kiti, simu ameiacha ndani. Jiwe la kwanza likalia kwenye kifuniko. "Hili la mvua ya jana," alisema Mama mdogo, sauti bado nyembamba. La pili: "La Baba Divine na breki." La tatu. La nne. Nilisikia pumzi yake ikirefuka, Yaya, kama unavyosikia mashine ya kusaga ikizimwa jirani. Kisha akatoa moja, akaligeuza kwenye mwanga. Lilikuwa na rangi ya bluu upande mmoja. Rangi ya ukuta wetu wa uani.

"Ehe," alisema. "Hili limetembea sana kufika shambani."

Divine akalichungulia, akacheka. "Labda mukulima alikuwa fundi wa rangi."

Mama mdogo hakucheka. Aliniangalia pale mlangoni, muda mrefu, bila ukali. "Hili mi silijui. Furaha, njoo ukae. Niambie hili ni la nani."

Divine alisogeza kiti chake nusu, akanivutia kidumu cha maji nikikalie. Nilikaa. Mawe yote niliyostahili kuyataja yalinijaa mdomoni: la wivu, la gunia, la dirishani. Nikasema, "La Mama."

"Dada yangu," akasema Mama mdogo. Aliliweka jiwe kwenye kifuniko taratibu. "Tukiwa wadogo alikuwa hawezi kusinzia mpaka ahakikishe napumua. Mi nilidhani ananipenda tu. Kumbe alikuwa na ugonjwa pia. Vyote viwili." Akachagua kidogo, kisha: "Mimi nilipata mutu wa kukaa naye. Yeye kila mutu alimwambia anyamaze aombe."

Sijui kama alijua nani alitia mawe. Nadhani alijua. Hajauliza, na kila Jumamosi ananiambia, "Angalia gunia kama liko sawa," halafu anageuka upande mwingine.

Sasa anaendelea vizuri. Kahawa ni asubuhi, kufuli anafunga mara moja. Alikwenda kwa muuguzi wake kabla ya siku yake, akarudi amechangamka. Mimi nakaa nao siku mbili tatu kwa wiki. Ningependa kukuandikia kwamba wivu umekwisha, lakini sitaki kukudanganya baada ya kukuambia yote haya. Divine akianza Kirundi chake bado najisikia mgeni. Akimlalia mama yake begani natazama maharage. Ila wivu wangu sasa una kazi ya kufanya, na kazi hiyo nakupa wewe.

Mama hununua maharage yaliyochaguliwa, kwa sababu ana haraka. Najua. Basi yatilie mawe. Madogo, na uyachemshe kwanza, Baba asivunje jino lililobaki. Jioni, akirudi sokoni, kabla hajaanza kuzunguka nyumba, mpe ungo useme, "Mama, nisaidie, macho yangu yamechoka na mtoto." Kaa karibu naye. Usimwambie ni dawa, atakataa. Usimwambie ni mambo ya Josiane, atakataa mara mbili. Anza wewe. Toa jiwe useme, "Hili la mtoto wangu asiyeongezeka kilo." Kisha nyamaza. Labda siku ya kwanza atakwambia acha upuuzi. Rudia kesho, saa ileile. Siku atakayotoa jiwe na kulipa jina, usimjibu, wala usimchekeshe. Najua kwako ni vigumu. Na kama huko kuna muuguzi wa namna ya huyu wa Mama mdogo, muulize taratibu, umpeleke kana kwamba unamsindikizia mtoto.

Ukiniandikia, niambie tu kwamba amesema. Usiniambie alisema nini. Wewe ndiye utakayekuwa umekaa kwenye kile kiti ambacho nimekitaka maisha yangu yote, na nikijua maneno yenyewe nitakuonea wivu mpaka nishindwe kushona. Hata bila kuyajua nitakuonea. Anza hata hivyo.

Msalimie Baba, mwambie nimemshonea suruali yenye miguu inayolingana. Msalimie Bibi mzaa Baba, na mwalimu wangu wa Kifaransa ukimwona sokoni, na yule jirani mwenye masikio marefu, asije akasema nimemsahau. Mbusu mtoto kwenye fizi. Mama mpe kitenge alichokibeba Mama Vumilia. Amekichagua mdogo wake.

Kuhusu mawe niliyoyatoa, hilo ni letu wawili. Kuhusu mawe utakayoyatia, hilo pia. Mama akiuliza yametoka wapi, sema wauzaji wa siku hizi hawana haya. Usimwambie, Yaya. Hata akicheka, hata akikushika mkono, usimwambie.

Mdogo wako,
Furaha